Uchambuzi wa kisa: Bendi ya ndugu wawili, laini ya mama na mpiga dramu aliyeishia Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Bendi inayozungumzwa hapa ni ya pop ya kujitegemea kutoka Dar es Salaam, na wanaosimama mbele ni dada na mdogo wake wa kiume. Kisa kinaelezwa kwa ruhusa ya wanabendi wote watano. Majina nimeyaondoa, baadhi ya vitu vyao vya jukwaani nimevibadilisha, mwaka siutaji, na kiasi cha fedha nimekiacha nje. Niliitwa baada ya ziara kwisha ili nisaidie kufunga hesabu, nikazungumza na kila mmoja peke yake kabla ya kuwaweka meza moja. Nitawaita Dada, Mdogo, mpiga dramu, mpiga besi na fundi mitambo. Mama yao Dada na Mdogo hakusafiri, lakini hakuna hatua ya ziara ambayo hakuwemo.

Bendi yenyewe

Ukiwaona jukwaani mara ya kwanza unaweza kudhani ni kikundi cha maigizo kilichokosea ukumbi. Dada huvaa gauni la vipande vya kanga vilivyoungwa bila mpangilio, na kichwani ana ungo uliopakwa rangi ya fedha. Mdogo hupiga vinanda viwili vya kuchezea watoto, vile vya betri vya Kariakoo, alivyovifungua na kuchokonoa nyaya zake mpaka vikaanza kulia kwa namna ambayo aliyevitengeneza asingeitambua. Katikati ya shoo kuna wimbo wa shati la sherehe. Ukifika, Mdogo huweka meza na kupiga pasi shati kweli, kwa pasi ya mkaa uliowashwa, wakati Dada anaimba mistari yenye mahadhi ya taarabu kupitia kipaza sauti cha mkononi kama cha mwita abiria. Mpiga dramu hubaki peke yake dakika kadhaa akilifuata pasi linavyokwenda na kurudi. Ndiyo nafasi yake pekee ya kusikika usiku mzima, na ni nzuri sana. Lishike hilo, maana litarudi.

Redio haziwapigi. Wanaishi kwa kiingilio, kwa vituo vya utamaduni, kwa migahawa yenye bustani na kwa watu wanaowaleta marafiki zao ili wacheke kisha wanyamaze.

Nyimbo zinatungwa na ndugu hawa wawili, waliokua chumba kimoja. Wanaanza wimbo bila kuhesabiana. Wanavuta pumzi pamoja, basi, umeshaanza. Kwa msikilizaji ni raha tupu. Mpiga dramu, ambaye amewazidi wote umri na amepiga kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, aliniambia kwamba kwenye bendi nyingine zote kazi ya kuhesabu ilikuwa yake. Kwa hawa, akisikia pumzi ajue tayari amechelewa. Alilisema kwa kucheka, ila hakulisema mara moja tu.

Maandalizi

Njia ilikuwa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa, Tanga, kisha Unguja. Walikodi Hiace pamoja na dereva wake. Makaratasi aliyashughulikia Dada, na alifanya vizuri kuliko mameneja wengi wanaolipwa: kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, cha kufanya shoo nje ya nchi, mawasiliano na BASSFU kwa ajili ya Unguja, kwa kuwa Zanzibar ina baraza lake, kibali cha Uhamiaji upande wa Kenya kupitia promota, na kadi ya njano ya bima ya gari kuvukia mpaka. Kwenye karatasi ziara hii haikuwa na kasoro kubwa.

Kasoro ilikuwa kwenye fedha, na haikuonekana kwa sababu ilifanana na wema. Bendi ilikuwa na makubaliano ya ukurasa mmoja, yenye sahihi zote tano: posho ya kila siku kwa kila mtu, na mapato yatakayobaki baada ya gharama yagawanywe sawa. Hakuna aliyeandika gharama ni zipi. Advansi ya Hiace ilitolewa na mama, aliyekopa kwenye kikoba chake. Watoto wake walijua ni mkopo wenye siku ya marejesho. Wengine watatu waliambiwa kwamba mama amesaidia, wakampigia simu kumshukuru.

Halafu kuna laini. Tangu ndugu hawa wakiwa wanafunzi, malipo ya bendi yalikuwa yakiingia kwenye laini ya simu ya mama. Mapromota wote wanaijua namba ile. Wanabendi wote wanamwita Mama, wamekula kwake, mpiga besi amewahi kuuguzwa kwake. Sasa mtu wa namna hiyo unamuulizaje salio? Ukiuliza, hata kwa upole, umeshasikika kama unamtuhumu.

Ziara ilivyokwenda

Dar ilijaa, sina la kuongeza.

Arusha ndiko waliko­gombana. Katikati ya wimbo wa tatu Dada alisimama, akageuka, akamwambia Mdogo kwenye kipaza sauti: "Unakimbia tena. Unakimbilia wapi?" Mdogo akachomoa waya wa kinanda, akaenda kukaa ukingoni mwa jukwaa, akakunja mikono. Watu walishangilia wakidhani imepangwa. Akarudi, wimbo ukaanza upya, shoo ikaisha salama. Baada ya hapo waligombana kwenye maegesho mpaka mlinzi akawaomba wapunguze sauti, watu wamelala. Mpiga besi hakupata usingizi. Alishaanza kuulizia nauli ya basi la kurudi. Asubuhi aliwakuta ndugu wanakula chapati sahani moja, wanacheka habari za mjomba wao.

Kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita mia na kitu, lakini walitoka wamechelewa. Namanga ni kituo cha pamoja, taratibu za nchi mbili zinamalizwa sehemu moja, na wenye karatasi zao hawakai. Gitaa la besi, dramu na mitambo vilipita haraka. Tatizo lilikuwa boksi la Mdogo: vinanda vya watoto vyenye nyaya nje, mabomba ya plastiki ya fundi bomba, ungo, kipaza sauti cha mkononi, pasi yenye majivu. Ofisa wa forodha alitaka orodha, ili vifaa viandikwe kuwa vinaingia kwa muda na vitarudi. Orodha ilikuwa kichwani mwa Mdogo. Mpiga besi alijitolea kuiandika tangu wakiwa Dar, akajibiwa "tushapanga", maana ndugu wawili walishakubaliana kwamba Mdogo anavijua vitu vyake. Sasa ikaandikwa kwa magoti, kwenye sakafu, kitu kimoja baada ya kingine. Ofisa alipoishika pasi akauliza kama nayo ni ala ya muziki. Mdogo akasema ndiyo. Akaambiwa aipige. Akaipiga, kwa kijiko, na kwa maelezo ya fundi mitambo aliipiga vizuri.

Vicheko havikurudisha saa zilizopotea. Nairobi walifika watu wakiwa wameshaingia ukumbini, na fundi mitambo akafunga nyaya mbele ya macho yao.

Hata hivyo Nairobi ilikuwa shoo bora ya ziara nzima. Tatizo lilikuja wakati wa kulipwa. Kenya hukata kodi ya zuio ya asilimia 20 kwenye malipo ya msanii asiye mkazi wa nchi hiyo, tena kwenye kiasi kizima, si kwenye faida. Mkataba ulitaja kiasi kabla ya kodi. Promota hakuwa mwizi, alikuwa na karatasi zake zote. Dada, aliyejadiliana bei mwenyewe na kuwatangazia wenzake kile kiasi kizima, alisimama kwenye korido na bahasha nyepesi kuliko alivyowaahidi. Akamwita Mdogo pembeni. Kwa maelezo ya wote wawili, mazungumzo yale hayakuzidi sentensi tatu.

Waliamua mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya fedha iende kwa mama usiku uleule, kwa kuwa kikoba kilikuwa na kikao kesho yake na marejesho yake yalikuwa yamefika. Pili, posho za wengine zisubiri Mombasa. Sababu zao hazikuwa za hovyo. Mama angesimama mbele ya wanawake wenzake bila rejesho, baada ya kukopa kwa jina lake kwa ajili ya bendi, na akina mama wa kikoba wana kumbukumbu ndefu. Suala la kodi Dada aliona lingewavunja wenzake moyo, na akakiri kwangu kwamba alikuwa na aibu pia. Wote wawili waliona wameamua kwa uadilifu. Na kwa mama yao, kweli walikuwa waadilifu.

Wengine watatu walichokiona ni ukumbi uliofurika, kisha hakuna posho.

Njiani kwenda Mombasa walisimama kula Mtito Andei. Mpiga dramu aliuliza, kwa heshima, sahani ya wali ikiwa mbele yake: jana tumeingiza ngapi? Mdogo akasema Dada ndiye anayejua. Dada akasema tutaongea nyumbani. Hakuna aliyepandisha sauti. Fundi mitambo aliniambia kuanzia pale hadi Mariakani ndani ya gari kulisikika redio ya dereva tu.

Mombasa, ukumbi haukuruhusu moto wa aina yoyote, agizo lililofika kwa simu gari likiwa njiani. Dada na Mdogo, waliokaa mbele karibu na dereva kama siku zote, wakaamua kuuondoa wimbo wa shati. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Lakini haukuvuka kiti cha mbele. Jukwaani, mpiga dramu alishika brashi zake tayari kwa wimbo wake, akasikia pumzi ya wimbo mwingine. Aliupiga. Akazipiga na nyimbo zote zilizofuata, bila kukosea. Usiku alifunga matoazi na pedali yake, na asubuhi alipanda basi la Dar.

Kikao cha uani

Walibaki wanne, shoo mbili zikiwa mbele. Mpiga besi na fundi mitambo walisema hawataingia kwenye gari kabla hawajaona hesabu. Walikuwa uani, gesti, nguo za bendi zimeanikwa juu ya vichwa vyao.

Mdogo alitaka kumpigia mpiga dramu na kumbembeleza arudi. Dada alitaka kufuta Tanga. Mpiga besi akasema yote hayo baadaye, kwanza hesabu. Hapo Dada akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoiokoa bendi: alimpigia mama, akaweka spika, akaiweka simu juu ya beseni lililopinduliwa, akasema, "Mama, tusomee daftari, wote tunasikiliza."

Mama akasoma. Advansi ya Hiace. Rejesho la kikoba, na siku yake. Betri za Mdogo. Rangi ya ungo. Fedha ya mpiga besi ya dawa, ambayo mpiga besi mwenyewe alishaisahau. Alipofika kwenye posho akanyamaza, kisha akauliza: "Hizo za Nairobi mliwapa?" Kumbe alidhani kilichomfikia ni kile kilichobaki baada ya watu kulipwa.

Hakukuwa na wizi hata wa shilingi moja. Daftari la mama lilikuwa safi kuliko vitabu vya kampuni nyingi nilizopitia. Ila watu wazima watatu, wenye sahihi zao kwenye makubaliano, walikuwa hawajawahi kulisikia.

Waliyoamua pale uani yaliandikwa nyuma ya karatasi ileile ya orodha ya forodha. Deni la mama litambuliwe kuwa gharama ya bendi, kwa maandishi. Mpiga besi ashike fedha za safari. Baada ya kila shoo, kabla mtu hajapanda gari, mapato na makato yasomwe mbele ya wote, na posho itoke kabla ya kitu kingine chochote. Orodha ya nyimbo isibadilishwe bila kumwambia kila anayepiga. Tanga waende wanne.

Mpiga besi aliongeza sharti moja lililoonekana la kitoto: kiti cha mbele kiwe cha zamu. Wote walicheka. Liliandikwa pia.

Matokeo

Walivuka Likoni, wakapita Lungalunga na Horohoro kwa kutumia ile orodha, mara hii bila kusimamishwa. Tanga walipiga bila dramu, mabomba ya plastiki yakichukua nafasi. Promota alikata sehemu ya malipo kwa kuwa mkataba ulisema watu watano, na alikuwa na haki. Makato yakasomwa mbele ya wote usiku uleule.

Dar, Dada alikwenda kwa mpiga dramu akiwa na posho zake zote na maelezo ya kodi, bila Mdogo na bila mama. Mpiga dramu alikubali kupiga Unguja kama mtu wa kukodiwa kwa shoo ile tu, na akalipwa jukwaani, kabla hajashuka. Hajarudi kuwa mwanabendi. Wanasalimiana, na kwenye msiba wa kwao bendi nzima ilikwenda.

Ziara ilifunga na hasara ndogo. Kikoba kililipwa chote.

Uchambuzi

Nikieleza kisa hiki, wengi hukimbilia Arusha. Bendi za ndugu, wanasema, zina magomvi. Ni kweli zina magomvi, na hawa wanagombana hadi leo. Lakini ukizipanga hasara za ziara hii, hakuna hata moja iliyotokana na ugomvi wao. Arusha hawakupoteza shilingi wala mtu. Saa za Namanga zilipotea kwa sababu walikuwa wamekubaliana. Posho za Nairobi zilikwama kwa sababu walikuwa wamekubaliana. Wimbo wa Mombasa pia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wenzao watatu walifuata nusu ya kwanza vizuri: Arusha walinyamaza, wakaendelea na kazi. Kule Nairobi ndugu walipatana, na kapu likarudi tupu.

Kile kinachowapa ndugu hawa sauti yao, yaani kuelewana bila kusema, ndicho hichohicho kiliwaongoza kwenye fedha. Ukiwa ndani yake huoni kwamba kuna uamuzi uliofanyika. Nilipomuuliza Mdogo ni lini waliamua kuzuia posho, alifikiri kidogo akasema hawakuamua, "ilieleweka tu". Nadhani alikuwa mkweli.

Kuhusu mkataba, sikubaliani na wanaodhani tatizo lingekwisha kwa karatasi ndefu zaidi. Karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni neno la mkopo kuitwa mkopo mbele ya watu watano. Mama akisaidia, unashukuru na kunyamaza. Mama akikopesha, una haki ya kujua rejesho ni lini. Kumpa jina la msaidizi kulimheshimu, lakini pia kulimweka mahali ambapo hakuna awezaye kumuuliza, na yeye mwenyewe, kama daftari lilivyoonyesha, asingechukia kuulizwa.

Kodi ya zuio ni kosa la kawaida na dawa yake ni rahisi: kabla ya kusaini, uliza malipo yaliyotajwa ni kabla au baada ya kodi, kisha tangaza kwa wenzako kile kitakachofika mkononi. Na orodha ya vifaa yenye namba za utambulisho, hata ya ungo na pasi, ni kazi ya jioni moja.

Spika ya simu naona ndiyo somo lenyewe la kikao kile. Dada angeweza kusikiliza daftari peke yake kisha akawaeleza wenzake. Angewaeleza kweli tupu na wasingemwamini. Fundi mitambo alisema kilichompoza hakikuwa hesabu kutimia, ni kusikia mama akiuliza swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa nalo.

Zamu ya kiti cha mbele nilipoisoma niliiona ya mzaha. Baada ya kusikiliza pande zote, ningeiweka ya pili kwa umuhimu. Mambo ya bendi hii yanaamuliwa pale.

Yasiyomalizika

Mpiga besi bado anashika fedha, ingawa Mdogo ameshauliza mara moja kama kazi hiyo haiwezi kuzunguka. Malipo sasa yanaingia kwenye namba ya bendi. Mama ameiomba bendi isimtumie hesabu, wao wamekataa, wanamtumia.

Suala la nyimbo halijaguswa. COSOTA, kwenye ofisi ya hakimiliki, zimesajiliwa kwa majina ya ndugu wawili, na kwa utunzi wa maneno na melodi hakuna anayepinga. Lakini wimbo wa shati, ule watu wanaondoka wakiuimba kwa mdomo, wanachokiimba ni mlio wa dramu, pasi linavyokwenda na kurudi. Mpiga dramu hajadai chochote. Mpiga besi ameshalitaja kwenye grupu la WhatsApp, Dada akajibu kwamba litapangiwa kikao, na mpaka naandika haya tarehe haijatajwa.